Nani Atatusomea Krismasi Hii?

Mwishoni mwa Novemba, wakati wauza senene wa Kampala wangali wamekaa vibarazani wakinyofoa mabawa na miguu ya wadudu hao bila hata kuwatazama, simu kutoka nyumbani Tororo huanza kubadilika. Salamu hufupishwa, habari za mvua na mihogo huwekwa kando, na ninaulizwa mambo mawili tu: nitafika lini, na mwaka huu tutasoma nini. Swali la kwanza huulizwa katika kila familia ya Uganda yenye mtu wake mjini. La pili, kwa kadiri ninavyojua, ni la nyumba yetu, na ndilo linalonishughulisha zaidi, kwa sababu tangu babu afariki, kazi ya kuchagua kitabu cha Krismasi ni yangu.

Safari yenyewe haina jipya. Kuanzia karibu tarehe 20 Desemba, vituo vya mabasi vya Kisenyi na Namayiba hujaa magunia, magodoro ya wanafunzi na majogoo waliofungwa miguu, na nauli hupanda, mara nyingine maradufu, bila mtu kutoa sababu yoyote isipokuwa kwamba ni Krismasi. Basi hupita Mukono, husimama Namawojjolo ili abiria wanunue kuku wa kuchoma na gonja, yaani ndizi za kuchoma, kupitia dirishani, huingia msitu wa Mabira, huvuka Nile kwa daraja jipya la Jinja lililofunguliwa Oktoba 2018, kisha hupita Iganga na Bugiri mpaka jabali la Tororo lionekane, kabla ya mji wenyewe. Wanaolalamika kwamba Krismasi ya Uganda imekuwa safari tupu wangesoma tena sura ya pili ya Injili ya Luka, ambayo nayo inaanza na watu walio njiani, kila mmoja akirudi mji wa kwao kwa sababu Kaisari Augusto ameamuru waandikishwe. Serikali yetu ilituhurumia zaidi. Katika sensa ya Mei 2024 kila mtu alihesabiwa pale alipolala, tukapatikana watu milioni 45.9; lau makarani wangetaka kutuhesabu kila mmoja katika kijiji cha babu yake, wangengoja Desemba tu, wangetukuta wote huko.

Babu yangu alikuwa mtu wa reli. Tororo ni njia panda: njia kuu inayotoka Mombasa na kupitia Malaba huendelea hadi Kampala, na nyingine huchepuka kwenda kaskazini kuelekea Mbale, Soroti, Lira, Gulu na Pakwach. Alifanya kazi stesheni enzi za shirika la reli la Afrika Mashariki, kabla halijagawanyika mwaka 1977 ile Jumuiya ya kwanza ilipovunjika, na majirani zake katika nyumba za safu za wafanyakazi walikuwa Wajaluo, Wakamba, Waluhya, Wateso na watu waliotoka Tanganyika. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amezaliwa na Kiswahili mdomoni, lakini ndicho watoto wao walichochezea, ndicho walichogombania zamu ya bomba la maji, na ndicho kilichobaki nyumbani kwetu baada ya mzee kurudisha sare.

Kitabu alichokithamini kuliko vyote kilikuwa Biblia ya Kiswahili, ile tafsiri ya Union ya mwaka 1952, yenye jalada jeusi lililoshonwa upya kwa uzi wa fundi viatu. Kurasa tupu za mwanzo ndizo rejista ya vizazi ya familia yetu. Humo aliandika kwa penseli iliyochongwa kwa kisu, kwa mwandiko uliosimama wima, jina la kila mtoto, tarehe na saa aliyozaliwa. Mbele ya jina la shangazi yangu mkubwa imeandikwa saa nne na dakika kumi usiku, halafu maneno haya: "Treni ya Soroti imechelewa." Shangazi amezeeka akitaniwa kwamba ndiye aliyeichelewesha.

Usiku wa tarehe 24, baada ya chakula, babu alikuwa akiifungua Biblia hiyo na kusoma Luka 2 kwa sauti, polepole, kama mtu anayetangaza ratiba stesheni. Huo ndio mwanzo wa desturi yetu. Wengine watasema kwamba hiyo ni ibada tu, na familia nyingi hufanya vivyo hivyo, nami nakubali. Lakini kwetu haikubaki ibada, na aliyeigeuza ni bibi, ambaye hakuwahi kufundishwa kusoma. Bibi alikuwa mkunga wa jadi. Watoto wengi wa zile nyumba za safu walizaliwa mikononi mwake, na habari yoyote ya uzazi iliyosomwa mbele yake ilipaswa kujibu maswali. Babu alipofika mahali ambapo Mariamu anamzaa mwanawe, anamvika nguo za kitoto na kumlaza horini, bibi alimkatiza akitaka kujua ni nani aliyempokea mtoto. Babu akasema haikuandikwa. Bibi akauliza inakuwaje mwanamke mgeni, katika uzazi wake wa kwanza, amvike mtoto yeye mwenyewe, na ni nani aliyemchemshia maji, na Yusufu alikuwa amesimama wapi. Haikuandikwa, akarudia babu. "Basi aliyeandika alikuwa mwanamume," akasema bibi, "na hakuwa chumbani."

Swali hilo limerudi kila mwaka. Kwa muda mrefu halikupata jibu, mpaka shangazi yangu mdogo alipoolewa na Mwislamu wa Mbale, ambaye sote tunamwita Hajji, na ambaye kila Krismasi huja kula nasi kama sisi tunavyokwenda kwake Iddi. Mwaka mmoja Hajji alikaa akasikiliza mabishano hayo hadi mwisho, kisha akaomba ruhusa kwa babu, na katika Krismasi iliyofuata akaja na Kurani yenye tafsiri ya Kiswahili ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy wa Zanzibar, iliyotoka kamili mwaka 1969. Akatusomea kutoka Surat Maryam, ambayo ni sura ya 19. Humo Maryam yuko peke yake, mbali na watu wake. Uchungu wa uzazi unampeleka kwenye shina la mtende, naye anasema laiti angalikufa kabla ya hayo. Kisha sauti inamwambia asihuzunike, kwamba chini yake pana kijito cha maji, na kwamba atikise shina la mtende zimwangukie tende mbivu, ale, anywe, atulie. Bibi alisikiliza bila kukatiza hata mara moja, jambo ambalo halikuwa limewahi kuonekana. Halafu akatamka kwamba haya sasa ni maneno ya uzazi: uchungu upo, maji yapo, kitu kitamu cha kumrudishia mzazi nguvu kipo, na hata yale maneno ya kutamani kufa ameyasikia kwa masikio yake kutoka kwa wanawake wengi walio hai mpaka leo na wana wajukuu.

Babu hakufurahi sana, lakini hakukataa. Tangu hapo Krismasi yetu ina masomo mawili, Luka na Maryam, kila moja likisomwa na mwenye kitabu chake, na hakuna anayejaribu kuyachanganya wala kuyapatanisha; kitabu kinachochaguliwa kila mwaka huja juu ya hayo mawili. Wapo jamaa wa upande wa mama wanaoona kwamba tumepotoka. Mimi naona kwamba usiku ule nilijifunza kuhusu kusoma zaidi ya nilivyofundishwa shuleni kwa miaka yote, kwa sababu niliona matini mbili zikipimwa na mtu asiyejua herufi lakini anayejua jambo linalosimuliwa, na niliona kwamba msomaji mzuri anaweza kuwa yule anayesikiliza.

Ndiyo maana huwa nakasirika ninaposikia ile kejeli tunayojipiga wenyewe, kwamba ukitaka kumficha Mwafrika jambo, liandike kitabuni. Wanaoipenda kejeli hii hupima usomaji kwa kipimo kimoja tu: mtu peke yake, kimya, kitabu mkononi, mlango umefungwa. Nani kati yetu amekulia katika nyumba yenye mlango wa namna hiyo? Katika nyumba yetu Desemba, watu wanalala mikeka mitatu chumba kimoja, redio ya jirani inasikika kama yetu, na mtu akijitenga na kitabu mchana, kwanza ataulizwa kama ni mgonjwa, kisha, akijibu kwamba hajambo, ataitwa jikoni kumenya matoke. Wala hilo si ujinga. Mtu anayejitenga wakati wote wamekuja kuonana anawanyima wenzake kitu walichosafiri kukitafuta. Anayetaka kusoma katika nyumba kama hiyo na asome kwa sauti, kitabu kiwe cha wote.

Shule nayo ina sehemu yake katika kilio hiki. Watoto wetu wanasoma sana. Wanaamka usiku wa manane kusoma. Lakini wanasoma kwa ajili ya mtihani, na mtihani ukiisha, kitabu kimekufa. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi hufanyika mwanzoni mwa Novemba, na kufikia Desemba madaftari yameuzwa kwa kilo kwa wauza karanga na mandazi. Mwaka jana, nikiwa ndani ya basi pale Bugiri, nilinunua karanga zilizofungwa katika karatasi ya daftari, nikaifungua nikakuta mchoro wa moyo wa binadamu, vyumba vyake vinne vimepakwa rangi kwa uangalifu mkubwa, mishipa imeandikwa majina, na alama ya vema ya kalamu nyekundu ya mwalimu ikiwa imelowa mafuta ya karanga. Mtoto aliyechora mchoro ule alikuwa na mkono mzuri. Nilikula karanga, karatasi nikaiweka kwenye mkoba.

Kama kuna wakati ambapo tungeweza kuona usomaji bila mtihani, ni ule wa korona. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020; baadhi ya madarasa yakarudishwa kwa awamu, yote yakafungwa tena Juni 2021, na hazikufunguliwa kikamilifu hadi tarehe 10 Januari 2022. Hapakuwa na nchi nyingine iliyowaweka watoto nyumbani kwa muda mrefu kama huo. Wako wasichana waliopata mimba na wavulana walioingia kwenye machimbo na hawakurudi tena darasani, na sitaki mtu adhani kwamba naupamba wakati ule. Lakini binti wa kaka yangu, ambaye shule zilipofungwa alikuwa ndiyo kwanza anaanza kuunganisha silabi, alijifunza kusoma katika kipindi hicho, akifundishwa na babu. Darasa lao lilikuwa gazeti la Kiswahili lililotoka Nairobi kupitia Malaba, tena si la siku hiyo: lilikuwa limekwisha kufungia sukari dukani. Alianza na vichwa vya habari, akaenda kwenye bei za mahindi, akaishia kwenye matangazo ya vifo, ambayo babu aliyapenda kwa sababu yana majina mengi na majina hayatabiriki. Mtoto hawezi kuyakisia, lazima ayasome. Krismasi ya 2021, kabla tu ya shule kufunguliwa, huyo binti ndiye aliyesoma Luka 2, na alipofika kwenye jina la Kirenio, liwali wa Shamu, hakusita, maana alikuwa amezoea majina magumu kuliko hilo. Babu alifariki mwaka uliofuata.

Kuna jambo jingine ninalolikumbuka kila ninapoambiwa kwamba Kiswahili nchini Uganda ni lugha ya askari na wezi, kauli ambayo bado husikika hata midomoni mwa watu wenye shahada. Askari walikitumia, ndiyo, na wapo walioibiwa kwa Kiswahili wakati wa vita, nami siwezi kumwambia mtu aliyepigwa kwa lugha fulani kwamba aipende. Lakini kabla ya askari hao walikuwako wasomaji. Mmisionari Alexander Mackay alipofika Buganda mwaka 1878 akiwa na mashine yake ndogo ya kupiga chapa, Biblia ya Kiganda haikuwako. Ilikuja kukamilika mwaka 1896. Kilichokuwako ni tafsiri za Kiswahili za Askofu Edward Steere wa Zanzibar, na kwa kuwa wafanyabiashara wa Pwani walikuwa wamekwisha kukifikisha Kiswahili kwenye ikulu ya Kabaka Mutesa wa Kwanza, mfalme wa Buganda, hizo ndizo Mackay alizotumia kusomea na kufundishia. Habari ya Krismasi, basi, ilisomwa kwa Kiswahili katika nchi hii kabla haijasomwa kwa lugha nyingine nyingi tunazodai kwamba ni za kwetu zaidi, na katika nyumba yetu hatukuleta kitu kigeni. Tulishika uzi uliokuwapo.

Kaka yangu hakubaliani nami. Yeye ni mhasibu mjini Jinja, ana watoto wanne shuleni, na kila mwaka hushauri kwamba kitabu cha Krismasi kiwe cha Kiingereza ili watoto wapate faida. Hoja yake si dhaifu: mtihani ni wa Kiingereza, kazi zinaombwa kwa Kiingereza, na karo analipa yeye. Namjibu kwamba mwaka 2005 katiba ilirekebishwa na Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, na kwamba Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kama somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Ananiuliza kama nimewahi kuona fomu yoyote ya serikali iliyoandikwa kwa Kiswahili. Hapo huwa sina la kusema, nikahamia fasihi. Namkumbusha kwamba Juni 1962 waandishi wa Afrika walikutana Makerere, mkutano mashuhuri tunaojivunia mpaka leo, na kwamba waliokaribishwa ni waliokuwa wakiandika kwa Kiingereza. Shaaban Robert, ambaye vitabu vyake vya Kiswahili vilikuwa vikisomwa kotekote Afrika Mashariki, hakuwamo, na alifariki mwezi huohuo. Kaka husema kwamba hilo ni jambo la kusikitisha, kisha huuliza tena kuhusu mtihani.

Tumekubaliana kutokubaliana, ila sheria ni kwamba kitabu cha Krismasi ni lazima kieleweke na bibi, na bibi Kiingereza hakijui. Sheria hiyo ndiyo inayoongoza uchaguzi wangu, pamoja na nyingine nilizojifunza kwa kuangalia watu wanavyosinzia. Kitabu cha kusomea familia iliyoshiba nyama lazima kiwe na mazungumzo mengi, kwa sababu sauti zinazobadilika huwaamsha watu. Wahusika wake wasiwe na majina yanayofanana, maana mjomba hutoka nje kila mara kuangalia ng'ombe na akirudi anataka kujua nani ni nani. Sura ziwe fupi. Maelezo marefu ya machweo ya jua hayafiki mbali. Yakizidi aya moja, mtu ataanza kuuliza habari za bei ya saruji. Na kitabu kiweze kustahimili kukatizwa, kwa sababu kukatizwa kutakuwapo tu: umeme utakatika, taa ya sola itatafutwa, mtoto ataangusha kikombe, na bibi atakuwa na swali.

Riwaya nyingi nzuri hushindwa mtihani huo, na si kosa lake, kwa kuwa ziliandikwa kwa ajili ya yule mtu wa mlango uliofungwa. Ngano za sungura na fisi hufaulu kirahisi, lakini vijana wakubwa huzikataa. Hadithi za upelelezi hufaulu kupita kiasi: mwaka tuliosoma moja, nyama ya tarehe 25 iliungua kwa sababu mpishi alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza.

Mwaka huu Hajji ndiye aliyependekeza. Anataka tuache hadithi, tuchukue utenzi, kwa sababu utenzi ulitungwa kwa ajili ya sauti na yeye madrasa ilimwachia koo. Ametaja Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa yapata mwaka 1858, ambamo mama wa kisiwa cha Pate, akiwa mgonjwa, anamwachia binti yake mawaidha ya maisha na hasa ya namna ya kukaa na mume. Nimekubali, ingawa najua Kiswahili chake cha kale kitanilazimu kueleza beti moja baada ya nyingine, na najua pia kitakachotokea. Binti wa kaka yangu sasa yuko sekondari, ana maoni kuhusu kila kitu, na atakapofika kwenye zile beti za kumtumikia mume, kumpepea alalapo na kutomwamsha, atasimama. Bibi, aliyekaa na babu zaidi ya nusu karne na kumwamsha kila alipotaka, huenda akawa upande wake, au huenda akashangaza watu wote akawa upande wa Mwana Kupona. Kwa bibi hakuna kubashiri. Kaka ameahidi kuleta kitabu chake cha Kiingereza kama akiba. Hajji naye nimempa masharti mawili: asianze kuimba kabla sahani hazijaoshwa, na tarehe 24 Luka asomwe kwanza, kwa sababu kitabu cha babu ndicho chenye nyumba.